Mawimbi 63 hadi kwa Jad: majina tuliyochelewa kuyasoma

Pigo la TzTok-Jad, kiumbe wa mwisho katika pango la mapigano (Fight Caves), linafika 97. Mchezaji wa gemu ya mtandaoni Old School RuneScape aliyepandisha damu, yaani pointi za uhai, hadi mwisho kabisa ana 99, na wengi wanaoingia pangoni kwa mara ya kwanza hawajafika hata 80. Hapo hakuna kujeruhiwa ukakimbia kunywa dawa. Ukikosea kinga, yaani sala ya kuzuia pigo, mara moja umekwisha, na unakosea baada ya mawimbi 62 ya viumbe, umeshakaa kitini saa moja na nusu, mgongo unauma na chai imepoa mezani.

Sisi tunaocheza usiku kwa bando, Sinza na Mwenge jijini Dar, tumetupwa nje ya lile pango mara nyingi mno. Ukifa mle hupotezi vifaa, na hiyo ni nafuu kubwa. Kinachopotea ni dawa ulizokwisha kunywa, bando, usingizi, na ile hamu ya kurudi tena. Uchungu wa kufia wimbi la 63 haufanani na wa kufia wimbi la 20. Kuna watu wamefunga kompyuta bila kusema neno na hawakuonekana tena kwa wiki mbili.

Pango lenyewe liko chini ya volkano ya kisiwa cha Karamja, katika mji wa TzHaar, na limekuwamo ndani ya RuneScape tangu Oktoba 2005. Linahitaji uanachama wa kulipia. Zawadi yake ni joho la moto, linaloongeza 4 kwenye nguvu za mkono na 11 kwenye kila aina ya ulinzi. Haliuzwi sokoni. Kila unayemwona amelivaa aliingia mle mwenyewe, au alifanya lile kosa ambalo tutalieleza huko mbele.

Kosa letu la kwanza halikuwa la silaha. Tuliruka mazungumzo. Watu wa TzHaar ukiwasogelea wanakuita JalYt, yaani mtu wa nje, asiye wao, kisha wanaongeza neno la pili linaloeleza namna unavyopigana. Ket ni wa mkono, mlinzi. Xil ni mrushaji, mwindaji. Mej ni mchawi. Wao kwa wao wana kundi la nne, Hur, mafundi. Ni kama mtaani kwetu: unaitwa fundi, dereva, mwalimu, na jina ulilopewa na wazazi linakuja baadaye kama litakuja. Tuliona hayo ni mapambo ya hadithi, tukabofya haraka ili tuingie vitani. Mpaka swali hili lilipotokea usiku mmoja:

"Kaka, kama Ket ni mpiganaji wa mkono, mbona Ket-Zek ananichoma nikiwa mbali?"

"Ushawahi kumsogelea?"

"Siwezi."

"Basi hujamwona Ket wake."

Jibu lilikuwa la utani, lakini ndilo lililotufanya turudi kuyasoma majina yote ya viumbe wa pangoni upya. Tok-Xil: Xil, anarusha kutoka mbali, jina halidanganyi. Yt-MejKot ana Mej katikati, lakini anapiga kwa makucha, na hapo wengi huona jina limekosewa. Halijakosewa. Uchawi wake ni wa kuponya: damu yake ikishuka chini ya nusu anajiponya yeye na wenzake walio karibu. Yt-HurKot ana Hur, ufundi, na kazi yake ni moja tu, kumkarabati Jad anapoharibika. Na Ket-Zek, ukikaa mbali anakupiga kwa uchawi unaofika 49; ukijisahau ukagusana naye anakushushia mkono mzito kuliko huo, na ile kinga ya uchawi uliyowasha haikusaidii chochote. Huu ni usomaji wetu, waliotengeneza gemu hawajauandika mahali. Ila tangu tuupate, hakuna aliyesahau tena nani anafanya nini.

Viumbe wenyewe wamepangwa kwa kuzidishwa mara mbili, na ukishaliona hilo pango zima linakuwa jepesi kulikumbuka. Tz-Kih ana leveli 22 na damu 10. Tz-Kek leveli 45, damu 20. Tok-Xil leveli 90, damu 40. Yt-MejKot leveli 180, damu 80. Ket-Zek leveli 360, damu 160. Wa kwanza anatokea wimbi la 1, wa pili wimbi la 3, wa tatu la 7, wa nne la 15, wa tano la 31, na Jad mwenyewe la 63. Kila namba ya wimbi ni ile ya nyuma mara mbili, ongeza moja.

Kutoka hapo unaweza kukokotoa wimbi lolote kichwani bila kufungua jedwali. Mpe kila kiumbe thamani ya wimbi alilotokea mara ya kwanza: 1, 3, 7, 15, 31. Chukua namba ya wimbi, toa kubwa inayowezekana, endelea na kilichobaki. Wimbi la 53: toa 31 inabaki 22, toa 15 inabaki 7, toa 7 inabaki sifuri. Kwa hiyo utakutana na Ket-Zek mmoja, Yt-MejKot mmoja na Tok-Xil mmoja. Wimbi la 45 ni 31 na 7 na 7. Wimbi la 62 ni 31 mara mbili, Ket-Zek wawili. Mwanzoni tulikuwa tunafungua orodha kwenye simu kila baada ya wimbi, na ndani ya zile sekunde za kutazama pembeni ndimo Tz-Kih alikuwa anatumaliza.

Maana huyo mdogo ndiye mwizi. Damu yake 10, anakufa kwa mshale mmoja au miwili, lakini kila anapokugusa anapunguza pointi za sala, hata kama pigo lenyewe halikukuumiza. Watu wanamwacha kwa sababu ni mdogo, wanakimbilia wakubwa, halafu wanashangaa dawa za sala zimeisha wimbi la 50. Yeye auawe kwanza, kila wimbi, bila mjadala. Tz-Kek naye ana vituko viwili: ukimpiga kwa mkono anakurudishia pointi moja, na akifa anapasuka kuwa wadogo wawili wa leveli 22. Wageni hudhani wimbi limekwisha, wanafungua mkoba kupanga vitu, kumbe kuna wawili miguuni.

Sasa maandalizi. Hapa ndipo tulipopoteza fedha nyingi bila sababu, kwa kununua silaha kabla ya sala. Kinachohitajika kabla ya kitu chochote ni sala leveli 43, kwa sababu kinga ya uchawi inafunguka leveli 37, ya mishale 40, ya mkono 43. Kutoka leveli 1 hadi 43 ni pointi 50,339 za uzoefu. Mfupa mmoja wa joka ukiuzika ardhini unatoa 72, kwa hiyo mifupa 700. Mfupa huohuo ukiutoa kwenye madhabahu ya dhahabu ndani ya nyumba ya mchezaji, vyetezo vyote viwili vikiwaka, unatoa 252, kwa hiyo mifupa 200. Tofauti ya mifupa 500 ni fedha nyingi za gemu, na wapo kati yetu waliozika yote 700 kwa uvivu wa kuuliza. Si lazima nyumba iwe yako. Wachezaji wengi huacha milango yao wazi kwa wageni.

Halafu hesabu ya matumizi. Kinga moja, bila nyongeza yoyote ya sala kwenye mavazi, inakula pointi moja kila sekunde 3. Pointi 43 zinakaa dakika mbili na sekunde chache. Ukivaa vitu vinavyofikisha nyongeza ya sala 15, pointi moja inakaa sekunde 4.5, na zile 43 zinavuka dakika tatu. Dozi moja ya dawa ya sala ukiwa leveli 43 inarudisha 17. Chupa ya dozi nne ni 68. Pigia hesabu mawimbi 31 ya mwisho na utaona mwenyewe kwa nini mkoba unajaa dawa na mahali pa chakula hapabaki.

Mkoba una nafasi 28. Baada ya kujaribu mchanganyiko mwingi, uliotufikisha kwa Jad mara nyingi zaidi kwa mtu wa leveli za kati ni huu: super restore 14, Saradomin brew 8, dawa ya kuongeza shabaha 2, na papa wa kuchoma 4 wa kula mawimbi ya mwanzo. Super restore, inayorudisha sala na pia shabaha iliyoshuka, tunaipenda kuliko dawa ya kawaida ya sala kwa sababu ya brew. Brew inaponya vizuri lakini inashusha shabaha yako, na ukinywa tatu mfululizo bila kusawazisha kwa dozi ya super restore, mishale yako inakuwa ya kumtekenya adui. Tumewaona watu wakimpiga Ket-Zek sifuri kumi mfululizo na kulaumu bahati.

Silaha ni upinde wa rune crossbow, shabaha leveli 61, na ngozi nyeusi ya joka kwa leveli 70, kwa sababu ngozi ile inapunguza uwezekano wa uchawi kukupata. Mgongoni vaa kifaa cha Ava. Kile cha accumulator kinakurudishia karibu asilimia 72 ya mishale bila wewe kuinama. Mwenye Toxic blowpipe, ambayo inahitaji shabaha 75, atamaliza mapema zaidi, lakini usisubiri uipate ndipo uingie. Tumeona wengi wakikusanya fedha miezi mitatu ili wanunue blowpipe, kisha wakafa wimbi la 63 kwa kosa lilelile ambalo mwenye crossbow hufa nalo.

Uanachama nao una hesabu zake. Asiye na kadi ya benki hutumia kadi ya mtandaoni ya kampuni za simu, au ananunua bond kwa dhahabu ya gemu, na bond moja ni siku 14. Usiifungue bond siku ambayo bado una sala leveli 20. Kusanya fedha ya mifupa na dawa kwanza, kisha fungua, la sivyo wiki mbili zote zinakwisha ukizika mifupa.

Tuje kwenye mtandao, jambo ambalo miongozo ya Wazungu hailigusi. Seva za gemu ziko nchi kadhaa, zikiwamo Uingereza, Ujerumani, Marekani na Australia. Kutoka Dar sisi huchagua ya Uingereza au Ujerumani. Orodha ya seva inaonyesha nchi ya kila moja. Kwetu pingi, yaani muda wa ujumbe kwenda kwenye seva na kurudi, huwa kati ya milisekunde 150 na 200, na kwa muda mrefu tuliamini hiyo ndiyo inayotuua. Siyo. Gemu hii haiendi kwa mtiririko, inaenda kwa tiki, na tiki moja ni sekunde 0.6, yaani milisekunde 600. Ukichelewa 170 bado uko ndani ya tiki moja. Kinachoua ni kuyumba: mtandao unaokwenda vizuri dakika kumi, kisha unaganda sekunde tatu.

Na kuyumba kuna sababu ambazo nyingine ziko mkononi mwako. Ya kwanza ni simu kupigwa. Ukiwa umewasha hotspot kwenye laini yako ya kila siku, mtu akikupigia, kwenye simu na laini nyingi data inasimama au inashuka hadi kasi ya kobe. Weka bando kwenye laini ambayo hakuna anayeijua namba yake. Ya pili ni kuunganisha kwa hewa katika nyumba yenye vyumba vingi na hotspot nyingi. Tumia waya wa USB kutoka simu hadi kompyuta. Ya tatu, zima upakuaji wa picha na video za WhatsApp na masasisho ya simu. Gemu yenyewe hailambi bando, video moja ya kundi la familia ndiyo inayolamba. Ila kuna siku usijisumbue kabisa. Mei 2024 nyaya za chini ya bahari zilipopata hitilafu na mtandao wa Afrika Mashariki ukawa wa kusuasua, hakuna bando lililosaidia.

Umeme: angalia uniti za LUKU kabla hujaingia, si wimbi la 58. Laptop yenye betri nzima haitoshi kama ruta inazimika pamoja na taa, kwa hiyo hotspot ya simu iwe tayari imeshawahi kuunganishwa na kompyuta. Ukikatika katikati ya mapigano, mhusika wako haondoki papo hapo. Anabaki amesimama kwa muda huku viumbe wanaendelea, na mbele ya Jad muda huo unatosha kuzikwa.

Kitu ambacho kingetuokoa mapema ni kitufe cha kutoka. Ukikibofya mara moja katikati ya wimbi, gemu inakuacha umalize wimbi lile kisha inakutoa. Ukirudi, unaanza wimbi linalofuata ukiwa na vilevile ulivyonavyo. Maana yake pango si lazima limalizwe kwa mkao mmoja. Tunatoka baada ya wimbi la 30, kabla Ket-Zek hawajaanza, na tunatoka tena baada ya la 62. Nenda kanawe uso, kanywe maji, mwambie mtu wa nyumbani asikuite kwa robo saa. Na kuwa mwangalifu siku ya Jumatano: masasisho ya gemu kwa kawaida hutoka siku hiyo mchana, kwetu kati ya saa saba na saa tisa, na seva zote hujizima. Usianze pango Jumatano saa sita ukidhani utawahi.

Ndani ya pango kuna miamba iliyosimama peke yake, na mmoja una umbo la buti ya ramani ya Italia. Wachezaji wote wanauita hivyo. Miamba hiyo ni nusu ya ushindi, na sababu yake ni namna viumbe wanavyotembea. Kiumbe wa gemu hii hatafuti njia ya kuzunguka. Anakuja kwa mshazari kwanza, kisha mstari ulionyooka, na akikutana na jiwe anasimama palepale kama gari lililoishia kwenye mtaro. Tena Tz-Kek na Yt-MejKot ni wapana, kwa hiyo jiwe dogo tu linatosha. Jiweke ili jiwe liwe kati yako na yeye, umpige kutoka mbali akiwa ameganda. Anayekuja kwa mkono asikuguse hata mara moja katika pango zima. Akikugusa umesimama vibaya, sogea hatua moja au mbili umvute upya.

Mawimbi 30 ya kwanza hayana mengi ya kusimuliwa. Kinga ya mishale unaiwasha Tok-Xil anapokuona, unaizima akifa. Usinywe dawa kwa hofu.

Kuanzia la 31 sheria inabadilika: kinga ya uchawi iwe imewaka kabla wimbi halijaanza, maana hujui Ket-Zek atatokea kona gani, na 49 mbili mfululizo zinakumaliza. Wakitokea pamoja na Tok-Xil, baki na kinga ya uchawi, jifiche Ket-Zek asikuone kama unaweza, muue Tok-Xil kwanza, kisha Ket-Zek, na Yt-MejKot aliyekwama nyuma ya jiwe abaki wa mwisho. Yt-MejKot ukimwanza mmalize. Ukimpiga nusu ukahamia kwa mwingine atajiponya, na mishale yako yote imekuwa sadaka. Hapa ndipo watu wanapochoka. Macho yanauma, mkono unaanza kubofya wenyewe. Ukijiona umeanza kusahau kuzima kinga kati ya wimbi na wimbi, bofya kutoka, pumzika.

Wimbi la 63 anakuja peke yake, leveli 702, damu 250. Anapiga kila baada ya tiki 8, yaani sekunde 4.8, kama mara 12 kwa dakika. Kila pigo ama ni uchawi ama ni mawe yanayokuangukia kutoka juu, ambayo kinga yake ni ile ya mishale. Hakuna mpangilio. Tumeandika mfululizo wake kwenye karatasi tukitafuta siri, hakuna siri, ni kurusha shilingi. Ukimsogelea anaongeza na mkono, kwa hiyo kaa mbali na hilo la tatu lisahau.

Ishara iko miguuni. Akinyanyua miguu ya mbele na kuiacha ikining'inia hewani, moto ukikusanyika mdomoni, ni uchawi. Akiishindilia chini kwa kishindo, ni mawe. Tuliifupisha hivi na tukawa tunaisema kwa sauti: akipanda, uchawi; akikanyaga, mshale. Usisubiri uone moto ukiruka au jiwe likianguka, ukishaliona umeshachelewa. Kutoka mguu unapoanza kusogea hadi gemu inapoangalia una kinga gani kuna zaidi ya sekunde moja, na sekunde moja ni nyingi kwa mtu aliyetulia. Tazama video za wengine kabla, kwanza bila sauti ukitaja kila pigo mwenyewe, kisha kwa sauti, maana kila pigo lina mlio wake.

Sasa kosa lililotuua kuliko yote: kubofya kinga ambayo tayari imewaka kunaizima. Jad anapiga uchawi, unawasha kinga ya uchawi, unapona. Anapiga uchawi tena, mkono kwa woga unabofya uchawi tena, kinga inazimika, 97. Mchezaji anaapa kwamba alibofya sahihi. Ni kweli, alibofya sahihi, mara mbili. Akirudia pigo lilelile, usiguse kitu. Kabla ya kubofya tazama alama iliyo juu ya kichwa cha mhusika wako.

Kurasa za sala ziwe wazi muda wote wa pambano. Mkoba unafunguliwa kwa wakati mmoja tu, mara baada ya kumaliza kujibu pigo: fungua, kunywa, rudi kwenye sala, vyote ndani ya zile sekunde 4.8. Kwenye kompyuta weka funguo za F kwa mkoba na sala ili usitumie kipanya kuhama. Usiingie wimbi hili na pointi za sala chini ya 40. Na usile kwa sababu ya hofu. Kula kunachelewesha mshale wako unaofuata, na damu 60 au 99 mbele ya pigo la 97 hazina tofauti kubwa.

Damu yake ikishuka chini ya nusu wanatokea mafundi wanne, Yt-HurKot, na hapa wengi wetu tulipofika tulipiga kelele na kuharibu kila kitu. Mtu alikuwa ametulia dakika mbili nzima, anawaona wanne, anaanza kuwakimbiza na kumsahau Jad. Kazi yao ni kumponya. Ukiwaacha atarudi hadi damu kamili, na ukimshusha tena chini ya nusu unaweza kuwakuta wengine. Si lazima uwaue. Mshale mmoja kwa kila mmoja unatosha kumfanya aache kuponya na akufuate wewe, hata mshale huo ukiwa wa sifuri.

Lakini fanya kwa mpigo wa Jad. Rune crossbow kwa mtindo wa haraka inapiga kila sekunde 3, kwa hiyo kati ya pigo lake moja na jingine una mshale mmoja, mara nyingine miwili. Ngoja pigo, jibu kwa kinga, mpige fundi mmoja. Ngoja pigo, jibu, mpige mwingine. Inachukua mapigo matatu au manne, na wakati huo Jad ataponywa kidogo. Mwache aponywe, una dawa. Zungusha kamera mapema na uivute mbali kabisa ili Jad asitoke kwenye kioo unapowalenga mafundi. Kwenye simu hili ni gumu zaidi kwa sababu kidole kinafunika nusu ya uwanja, na wale waliofaulu kwa simu walifaulu kwa kumweka Jad juu kabisa ya kioo. Wakishakufuata wote wanne, watakugusagusa na damu itapungua. Wazungushe jiwe kama unaweza, la sivyo vumilia na urudi kwa Jad.

Mikono itatetemeka, hakuna dawa ya hilo. Tulichogundua ni kwamba kusema kwa sauti kunasaidia. Nyumba za kupanga kuta ni nyembamba, jirani atasikia mtu akisema uchawi, uchawi, mshale saa nane usiku, na asubuhi atakuangalia kwa jicho jingine.

Kuhusu kulipa mtu akuchezee. Matangazo yapo, na wanaojitolea mtaani wapo: nipe jina na nywila, niachie kiasi fulani, kesho asubuhi unaamka na joho. Sheria za gemu zinakataza kumpa mtu mwingine akaunti, na akaunti inaweza kufungiwa. Hilo ni la kwanza. La pili, mwenye nywila yako ana dhahabu yako na vifaa vyako, na barua pepe usipoifunga vizuri ana akaunti yenyewe. Tunawafahamu waliorudi wakakuta benki tupu, na wa kumlalamikia hayupo. Ukiona umekwama, mwite mchezaji akae pembeni yako akutajie mapigo, wewe ubofye mwenyewe.

Jad akianguka unajikuta nje ya pango, joho limo mkobani pamoja na TokKul 8,032, sarafu ya mji ule. TzHaar-Mej-Jal, yule anayesimamia pango, yuko tayari kulipokea joho lako ili ubahatishe kupata Jad mdogo wa kufuga, nafasi moja katika 200. La kwanza usilibahatishe. Livae, nenda kwenye lango la ndani la Mor Ul Rek, ndilo jina la mji wa TzHaar, ambalo siku zote walinzi wamekuwa wakikuzuia. Safari hii watakupisha. Huko ndani kuna shimo la Inferno, mawimbi 69, na ili uruhusiwe kushuka mara ya kwanza ni lazima utoe joho moja la moto, hulirudishiwi.

Kwa hiyo utarudi kwa Jad. Mara ya pili wengi wetu tuliingia na super restore 10 badala ya 14, brew 5, na tukatoka na chupa sita ambazo hazijafunguliwa.